Barua za Marehemu Hazifunguliwi

Eldoret,
Jumapili asubuhi

Kwako shemeji yangu Robi,

Nakusalimu wewe, na binti yako Boke, na kila anayelala chini ya paa lako huko Lambwe. Natumaini mvua imewafikia na mguu wako uliokuwa ukivimba umepata nafuu. Binti yangu Apiyo huniambia kwamba kila mkizungumza kwenye simu unamuuliza habari zangu, nami humwambia akujibu kuwa naendelea vizuri. Siendelei vizuri. Moyo umechoka, maji yamejaa miguuni mpaka magotini, na daktari wa hapa, kijana mpole, juzi aliacha kunieleza habari za dawa akaanza kuniuliza habari za watoto. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Mtu akibadilisha somo katikati, najua kwa nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotuunganisha tangu siku kaka yangu Ezekia alipokuleta nyumbani. Dholuo chako, lugha yetu sisi Wajaluo, ni cha sokoni na Kikuria changu ni cha salamu tu. Tena Kiswahili chako cha Tarime kilikuwa kikinisahihisha mbele ya wageni. Ukikuta makosa humu, yaache kama yalivyo, maana nimekuandikia juu ya kosa kubwa kuliko hayo. Apiyo alitaka niseme naye aandike. Nilikataa.

Robi, barua ya korti ilifika. Zilifika mbili, zote zina jina lako. Zimo ndani ya kifurushi hiki pamoja na nyingine za Ezekia, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilikuwa nazo mimi.

Wacha niseme kwa utaratibu ili hata atakayekusomea mbele ya wakili aelewe. Ezekia alipofariki, Ouma, mwanawe wa kwanza kwa mke mkubwa, alikwenda korti ya Homa Bay kuomba asimamie mali ya baba yake. Korti ilikuandikia wewe, mke wa pili, uende useme kama una pingamizi. Hukwenda kwa sababu hukujua. Korti ikaona umenyamaza, ikamwachia Ouma boma la Kendu Bay na shamba la Lambwe pia, hilo ulilolima tangu Boke akiwa mgongoni. Sasa nasikia mpima ardhi anakuja mwezi ujao kuweka mawe ya mipaka, na mtu anayetafuta mashamba ya miwa amekwisha kulitembelea shamba lako akilikagua kama ng'ombe wa mnada. Ndiyo maana siwezi kungoja nipate nguvu kwanza. Huenda nisipate.

Unakumbuka lile sanduku la posta lilikuwa la Ezekia, tangu enzi za biashara yake ya ng'ombe kati ya kwenu na Lambwe. Ukoo mzima ulilitumia. Kwa kuwa mimi nilikaa mjini Homa Bay hata baada ya kustaafu, ufunguo ulikuwa kwangu, na kila mtu aliyetarajia barua aliniuliza mimi.

Wiki ile ya mazishi, turubai zikiwa bado hazijaondolewa, nilikuja Kendu Bay na barua zake mfukoni. Ouma akanyoosha mkono. "Baba mdogo, leta hizo. Mimi ndiye mkubwa." Na wewe, upande wa pili, ukanyoosha wako. "Mwalimu, labda kuna ya hospitali. Nipe nitazame." Mikono miwili mbele yangu, na watu wote wakitutazama. Niliona ugomvi wa nyumba mbili ukianzia pale pale, kaburi likiwa bado bichi. Nikazirudisha barua kotini nikasema, "Barua za marehemu hazifunguliwi mpaka siku ya kugawa nguo zake. Ni kama kofia yake na kigoda chake."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja, ambaye sidhani aliwahi kupokea barua maishani mwake, akasema ni kweli kabisa, hata baba yake alikuwa akisema hivyo. Wewe ukaniuliza taratibu, "Kwenu ndivyo ilivyo, Mwalimu?"

"Ndivyo ilivyo," nikasema.

Sivyo ilivyo, Robi. Hakuna mila kama hiyo. Nguo hugawanywa siku yake, hilo ni kweli, na kigoda kina wenyewe. Lakini waliotuachia hayo hawakuwa na posta. Niliitunga nikiwa nimesimama, na kwa kuwa ni mimi mwenye shahada na mimi mzee wa kanisa, ikawa mila siku hiyo hiyo. Wewe uliipokea kwa sababu ulikuwa mgeni wa mambo yetu na ulitaka kuyaheshimu. Wengine wote wangeweza kunibishia. Wewe hukuweza.

Mpaka hapo ningeweza kujitetea. Nilitaka kuzuia vita, na vilizuilika. Siku ya kugawa nguo tukaipanga iwe baada ya mavuno. Ingefika, barua zingefunguliwa mbele ya wote, na uwongo wangu ungeishia hapo bila kumdhuru mtu.

Kutoka hapa siwezi kujitetea. Nilimwambia mchungaji nusu yake tu. Wewe unaujua mwanzo wake lakini hujui ulizaa nini.

Ni siku ile nilipokuja Lambwe nimevaa koti la kijivu. Ulikuwa umeketi nje na Boke na jirani yako, mnapukuchua mahindi. Mliniwekea kiti. Nikaanza kwa kuzungukazunguka, nikauliza habari za mbung'o, nikauliza kama wanyama wa mbugani bado wanaruka ua kuja kwenye mimea. Kisha nikasema, "Nyumba hii inahitaji mtu wa kuisimamia."

Ukasema, "Mbona inasimama? Nguzo zake ni za mkaratusi."

Boke akainamisha kichwa. Nikasema, "Namaanisha kimila, shemeji. Ezekia hakuacha ndugu mwingine ila mimi. Na mimi pia ni mjane."

"Mila ipi tena, Mwalimu? Si ni wewe uliyesimama kanisani Kendu Bay ukasema kurithi wajane ni mambo ya gizani? Nilikuwa benchi la tatu. Ezekia alikuwa ananitafsiria."

"Nilisema juu ya wanaolazimisha."

"Basi usilazimishe," ukasema, ukanipa hindi. "Shika, pukuchua. Mikono yako imekaa bure."

Jirani yako alicheka mpaka mahindi yakamwagika kutoka mapajani. Nami nikacheka. Nilipukuchua hindi lile lote, nikanywa chai, nikaagana nanyi vizuri. Hukunitukana. Ulinijibu kama mtu anayemwokoa mwenzake asianguke zaidi. Lakini njiani kuelekea barabarani nilikuwa nasikia kile kicheko, na nilipofika Homa Bay nilikuwa nimekwisha kukasirika kama mtoto aliyenyang'anywa kitu ambacho hakikuwa chake.

Juma lililofuata nilimwambia Ouma kwamba siku ya kugawa nguo iahirishwe. Nilisema mavuno yamekuwa mabaya. Hakuuliza zaidi.

Muda si mrefu nikafungua sanduku nikakuta bahasha ndefu yenye muhuri wa korti. Juu yake lilikuwa jina lako, na chini yake, "kwa anwani ya marehemu Ezekia". Hiyo ndiyo anwani Ouma aliyowapa, wala siwezi kuapa kwamba aliwapa kwa ubaya, maana wewe huna nyingine. Nilisimama pale posta na ile bahasha mkononi. Magari ya kwenda Lambwe yalikuwa yanaita abiria, nilikuwa nayasikia. Ningekuwa kwako kabla ya chakula cha mchana. Nilijua ni nini, Robi. Mtu aliyeandikia serikali barua miaka yote ile hahitaji kufungua bahasha ya korti ili ajue ni nini.

Nikajiambia: ina jina la Ezekia. Barua za marehemu hazifunguliwi.

Nikaitia ndani ya begi langu la ngozi pamoja na nyingine. Ya pili ilipokuja sikusimama hata kidogo. Niliitia begini nikaenda kununua samaki.

Wakati wote huo nilijisifu moyoni kwamba sikufungua chochote. Niliona kama hiyo ni heshima. Wala sikupata kitu kwa Ouma, wala sikumwomba, na yeye hakujua kwamba ziko kwangu. Ingekuwa afadhali kama angenipa kitu. Ningeweza kusema ni tamaa, na watu wanaielewa tamaa.

Sasa lile la barazani. Sitaki kulikumbusha ila lazima, kwa sababu ndilo lililo ndani ya hati ya kiapo utakayoikuta kifurushini, na nataka usikie kutoka kwangu kwanza. Chifu alituita sote kwa kuwa ulilalamika kuwa hukuitwa kortini. Ouma alisimama akasema, "Hii mama aliitwa. Alikaa tu huko na swala zake za mbuga. Watu wa Tarime wakisikia korti wanavuka border, kila mtu anajua."

Ukamjibu, "Ouma, harusi yako pilau nilipika mimi. Siku hiyo nilikuwa mtu wa wapi?"

Watu wakacheka, na mama yake Ouma mwenyewe, mke mwenzako, akaficha mdomo kwa leso. Chifu akapiga meza. "Tusipoteze wakati. Nani anashika ufunguo ya hiyo sanduku?"

"Mwalimu," watu wakasema.

"Haya, Mwalimu. Kulikuwa na barua ya huyu mama ama hakukuwa?"

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikasema, "Chifu, mimi sijafungua barua hata moja."

Watu wakanung'unika kwa kuridhika. Hakuna aliyeona kwamba sikujibu nilichoulizwa. Chifu alikwisha kugeukia kesi nyingine. Na wewe ulinitazama, Robi, ukasema, "Kama Mwalimu amesema hivyo, mimi nanyamaza." Ukajifunga leso yako ukatoka.

Nimefanyiwa mambo mengi na madaktari wa huku, sindano na mirija, lakini ninapokosa usingizi huwa ni kwa maneno yako hayo.

Apiyo alinipeleka kwa wakili hapa mjini, akaketi nje. Nimeapa kwa maandishi kila kitu: nani alishika ufunguo, barua zilikaa wapi, na nilichomwambia chifu. Hata habari ya koti la kijivu nimeitia, ingawa wakili alisema haihitajiki. Hati hiyo utaikuta juu ya kifurushi. Wakili anasema korti inaweza kulitengua jambo hili ikionyeshwa kwamba mwenye haki hakupashwa habari, na kwamba unaweza kuomba zuio kabla mpima hajafika shambani. Hakuniahidi kwamba utashinda. Alisema tu kwamba mlango upo.

Kwa hiyo mchukue Boke mwende Migori, mjini anakofanya kazi yeye, mwone wakili wa huko. Wa Homa Bay wanajuana sana. Zile bahasha mbili za korti usizifungue nyumbani. Zipeleke zilivyo, zifunguliwe mbele yake, aone mihuri na tarehe. Hilo ni neno la wakili, si mila yetu; naona unatabasamu. Hati usimpe mtu akuhifadhie, hata chifu, hata mchungaji, hata kama ni jamaa wa damu yangu. Hasa jamaa wa damu yangu.

Na usichelewe, kwa sababu Ouma anajua. Nilimpigia simu jana. Niliona ni haki kumpa nafasi amzuie mpima mwenyewe, yaishe kama mambo ya watu wa nyumba moja. Akasema, "Baba mdogo, ni dawa hizo zinakuongelesha."

"Ni mimi ninayeongea."

"Hujafikiria. Mimi nilishika shamba nikijua korti imemaliza. Nimechukua watu wa kazi, nimepeana neno kwa mtu wa miwa. Sasa unataka nirudi kwa watu niseme nini?"

"Sema ulivyoambiwa na mimi."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, nikajua amesimama upande wa boma langu la Kendu Bay, penye zizi na ua wa minyaa tunayoiita ojuok. Akasema, "Ukituma hiyo kitu, usituombe kaburi. Vijana wa kuchimba ni watoto wangu. Huna mwingine."

Ni kweli, sina. Mungu alinipa Apiyo peke yake, na binti hachimbi kaburi la baba kwetu. Unajua kwetu ni aibu gani mtu mwenye boma kuzikwa alale ardhi ya watu. Nikamwambia, "Basi nitalala huku," nikakata simu.

Apiyo alikuwa mlangoni, amesikia yote. Amefunga kifurushi kwa utepe, na kesho alfajiri anapanda gari kukuletea kwa mkono wake. Hakipiti posta.

Jambo jingine. Kati ya hizo barua utaona zenye mwandiko mkubwa uliolalia kushoto. Ni za yule mzee wa Sori, kule ziwani, aliyekuwa akimuuzia Ezekia samaki wakavu, wakawa marafiki. Hakupata habari ya msiba. Ameendelea kumwandikia, na naujua mwandiko wake, kwa hiyo nilijua kila ilipokuja kwamba kuna mtu anamngojea marehemu amjibu. Tafadhali mwandikie. Mwambie Ezekia hakumchukia. Mwambie barua zilikuwa kwangu.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nilikuja kwako mara moja na ombi lisilofaa, ukanijibu sawasawa, na nitaliheshimu jibu lolote utakalotoa safari hii, hata kama ni kutotoa. Ikiwa Ouma atabadili moyo nikaletwa Kendu Bay, usijilazimishe kuja. Na ukija, kaa benchi lolote utakalo.

Msalimie mke mwenzako mkubwa, mama yake Ouma. Yeye hakuambiwa ukweli na mtu yeyote, wala mwanawe wala mimi, msimwekee kinyongo. Msalimie Boke, mwambie asome hati hii yote na asinionee haya. Msalimie yule jirani yako aliyecheka. Mwambie alikuwa na haki.

Chini kabisa ya kifurushi, ndani ya kitambaa, utakuta ufunguo wa sanduku. Nimelipia, na nimewaandikia posta wakuandikishe wewe. Barua za ukoo zitaendelea kuja hapo, na baada ya siku chache hivi zitakuja zangu pia, za watu ambao hawatakuwa wamesikia. Zitakuwa na jina la marehemu. Watu watakuja kwako wakupe sababu za kutozifungua, na wengine watasimama na kuvua kofia.

Zifungue zote, Robi. Siku ile ile zinapofika, hata kama umesimama pale posta.

Ni mimi shemeji yako, uliyekuwa ukiniita Mwalimu,

Zablon